Nyasi Zinapoishia

Sironka alizaliwa Sambasha, kwenye mteremko wa magharibi wa mlima Meru, katika miaka ile ya sotoka, ng'ombe walipokufa wengi hata fisi wakaacha mizoga ioze. Mama yake, Soila, alizoea kusema kwamba mwanawe alijifunzia kutembea ndani ya zizi tupu. Alipofikia umri wa kutahiriwa, boma la Wajerumani lilikuwa limekwisha kusimama pale Arusha, na baba yake alikuwa mmoja wa watu waliolazimishwa kubeba mawe ya kulijengea. Kwa hiyo Sironka alikua akijua jambo moja bila kufundishwa: mtu wa boma akionekana njiani, mgongo wa mtu fulani utauma.

Jambo la pili alifundishwa kwa macho. Alipokuwa mtoto, jirani yao alimpiga shangazi yake, na baba akamfukuza jirani huyo kwa mkuki mpaka ukingoni mwa mto. Jirani alipoona hana pa kukimbilia, aliinama, akang'oa kishungi cha nyasi mbichi, akakiinua juu. Baba alisimama ghafla kana kwamba amegonga ukuta, na mkuki ukashuka.

Kwa watu wa Arusha, nyasi ni uhai wa ng'ombe na ng'ombe ni uhai wa mtu. Anayekunyooshea nyasi mbichi anakuomba kwa uhai wako mwenyewe, na huwezi kumkatalia. Vilevile, mtu aliyemtamkia mwenzake maneno ya laana anayarudisha kwa njia hiyo hiyo. Atang'oa nyasi mbichi, atazitemea mate ya baraka, atampa yule aliyemlaani, na huyo akizipokea, maneno yamekufa. Lazima ziwe mbichi. Nyasi kavu haziombi kitu.

Sasa tumfikirie Sironka akiwa morani, miaka michache kabla ya vita ya kwanza ya Wazungu. Hakuwa na sifa ya pekee. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, mpole kwa wanyama na mwepesi wa hasira kwa watu. Rafiki yake wa karibu alikuwa Saruni, mtu wa rika lake, ambaye walitahiriwa naye asubuhi moja. Saruni alikuwa mwembamba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Katika siku hizo Sironka alikuwa na shughuli moja tu kichwani, nayo ni asali. Alikuwa ameikusanya kwa taabu msituni ili aipeleke kwa wazee wa kina Naeku, msichana aliyemchumbia, na wazee walikuwa wamekwisha kuitwa.

Ndipo mjumbe wa boma alipotokea, akiongozana na askari. Walitafuta wapagazi. Mzungu mmoja alitaka kupanda mlima Meru mpaka kileleni.

Watu walitazamana. Wapasua mbao na warina asali walikuwa wakiingia msituni, ndiyo, na wachungaji walijua mahali ambapo miti inakwisha. Lakini kileleni? Kule hakuna majani, hakuna maji ya kunywesha, hakuna mzinga. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kufanya nini huko?

"Mnataka mwenye mabega?" Saruni alipaza sauti. "Sasa mnampita vipi huyu hapa? Juzi tu alibeba ndama mabegani huku akimbembeleza kama mtoto wake!"

Watu wakacheka. Askari hakucheka, ila alimshika Sironka mkono.

"Nina asali," Sironka alisema. "Kesho kutwa naipeleka ukweni. Wazee wananingoja."

"Asali haiozi," askari akajibu. Kisha akamgeukia Saruni. "Na wewe bingwa wa mabega ya watu, njoo utuonyeshe ya kwako."

Safari hii watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na Saruni mwenyewe akacheka pamoja nao. Sironka hakucheka. Ni kweli asali haiozi, lakini wazee wakikusanyika na kukuta mposaji hayupo, huhesabu kwamba wamedharauliwa. Aliona posa yake yote inamwagika kwa ajili ya mzaha.

"Saruni," alisema kwa sauti ya chini, "wewe upande huo mlima, na usishuke."

Kicheko kilikatika. Hata mjumbe wa boma, ambaye naye alikuwa mtu wa hapohapo, alirudi nyuma. Soila alimrukia mwanawe akamziba mdomo kwa kiganja.

"Yarudishe! Nyasi hizo miguuni mwako! Yarudishe sasa hivi!"

Sironka aliuondoa mkono wa mama yake taratibu. "Nitayarudisha nikirudi, yeyo, mama yangu. Kwanza na yeye aonje."

Askari akawasukuma, wakaondoka.

Katika msafara huo kulikuwa na Mmeru mmoja aitwaye Efraimu, kutoka Nkoaranga, upande wa pili wa mlima. Alikuwa amebatizwa misheni na alibeba sufuria za msafara. Alikuwa na sauti nene, na alipanda akiimba nyimbo za kanisani, akizipangia mwendo wa miguu, kiasi kwamba hata wasiojua neno moja la nyimbo hizo walijikuta wakikanyaga kwa mapigo yake. Alikijua vizuri Kimaa, lugha ya Waarusha, kwa sababu ya kuuza tumbaku, na ndiye aliyewafanya watu wacheke msituni, ambako njia ilikuwa matope na mizizi.

Mzungu alikuwa na tabia iliyowashangaza wote. Kila alipofika mahali pa juu zaidi, alitoa chombo kidogo cha shaba, akawasha moto chini yake, akachemsha maji. Akayatazama kwa makini sana, akaandika kitu, kisha akayamwaga. Hakunywa, hakupikia. Wapagazi wakamwita Bwana Mwagamaji.

"Bwana wetu huyu ni tajiri wa kuni," Efraimu alisema. "Anapika maji halafu anawanyima watu."

"Anayachungulia kama yameiva," Saruni akadakia. "Kwani ninyi wa misheni hamjui siri hiyo?"

"Misheni maji tunamwagiwa kichwani, ndugu yangu. Hatuchemshwi."

Leo mwanafunzi yeyote anaweza kutueleza. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajapata joto la kutosha, na kwa kupima joto hilo Mzungu alijua amefika kimo gani. Wakati huo hakuna aliyewaeleza. Wao waliona ishara nyingine bila kuzielewa. Walipoupita msitu na kufika kwenye vichaka vyenye ndevu za kijivu, mizigo ileile ilikuwa mizito kuliko asubuhi. Mtu alipanda hatua chache tu akasimama akihema kama aliyefukuzwa. Maharage yalitokota kwa muda mrefu mno na bado yaligonga meno kama kokoto. Asubuhi maji ya ndooni yalikuwa yameshika ngozi ngumu ambayo Sironka aliigonga kwa kidole, akaivunja, akashika kipande mkononi mpaka kikamuunguza. Alikitupa kwa hofu. Maji yaliyogeuka jiwe na yanaunguza! Hakuthubutu kumwuliza mtu.

Pia walikuwa hawasemezani, yeye na Saruni. Sironka aliapa moyoni kwamba atamwacha mwenzake asumbuke mpaka siku ya kurudi nyumbani, kisha atang'oa nyasi na yataisha. Nyasi zilikuwa bado zipo kila upande, zimesimama kwa mafungu magumu kati ya mawe. Aliziona. Akazipita.

Kisha zikaisha. Mbele yao kulikuwa na majivu meusi na mawe makali tu, mteremko mtupu uliopanda mpaka kwenye ukingo wa anga. Bwana Mwagamaji aliamuru waendelee. Walipopiga kambi jua lilikuwa bado juu, na kutoka hapo mtu angeweza kutazama chini akaona mahali kijani kilipokomea, mstari kama ukingo wa nguo.

Efraimu alikuwa ameacha kuimba. Aliacha katikati ya ubeti, akasema, "Nitamalizia nikipata pumzi," na hakuupata wakati wa kuumalizia.

Saruni ndiye aliyewatisha wa kwanza. Alitua mzigo wake, akakaa, akaanza kuvaa kiatu chake cha ngozi mkononi. Alipoona hakiingii, akacheka. Watu nao wakacheka wakidhani ni mzaha wake wa kawaida. Akasimama, akayumba, akaenda upande ambao hakukusudia, akaanguka juu ya masanduku.

"Amelewa huyu," askari alisema. "Nani kampa pombe?"

Hakukuwa na pombe. Sironka alimsogelea akamwinua kichwa. Midomo ya Saruni ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalimtazama bila kumtambua.

"Baba," Saruni alimwambia. "Ng'ombe wamekunywa?"

Baba yake Saruni alikuwa amekufa zamani.

Sironka alihisi baridi ikimpanda kutoka miguuni, na hiyo haikuwa baridi ya mlima. Alisikia maneno yake mwenyewe waziwazi, kwa sauti yake mwenyewe: *upande huo mlima, na usishuke.* Mlima ulikuwa umepandwa. Na huyu hapa hashuki. Alikuwa anakufa mikononi mwake, na aliyemuua ni mdomo ulioshindwa kung'oa nyasi zilizokuwa miguuni.

Aliruka, akaanza kutafuta. Aligeuza mawe. Alichimba majivu kwa vidole mpaka kucha zikavuja damu. Kulikuwa na kuvu la kijivu lililoshika miamba, basi. Hakukuwa na unyasi hata mmoja. Ndipo macho yake yalipoangukia sanduku la Mzungu la chupa, na akakumbuka kwamba chupa hizo zilipangwa ndani ya majani makavu ili zisigongane. Akakivunja kifuniko. Akachomoa mkono mzima wa majani hayo ya njano, ya nchi asiyoijua, akayatemea mate, akapiga magoti.

"Saruni. Rika langu. Nimerudisha maneno yangu. Pokea."

Kiboko cha askari kilimwangukia mgongoni, lakini hakugeuka. Aliendelea kunyoosha mkono. Saruni aliyatazama majani yale kwa muda, na kwa dakika ile akili ilionekana kumrudia kidogo.

"Hizo zimekufa," alisema, akacheka, kisha akatapika.

Bwana Mwagamaji alitoka hemani kwa ajili ya kelele. Alimtazama mgonjwa, akamfunua kope, akasema na askari kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Alazwe. Apewe blanketi. Apumzike, kesho atakuwa mzima. Kesho hiyo yeye na wengine watapanda kileleni.

"Namshusha," Sironka alisema.

"Ukishuka wewe ni mtoro," askari akamjibu. "Na mtoro unajua anavyofanywa bomani."

Sironka alifungua mkanda wake, akatoa simi yake pamoja na ala yake nyekundu, akaiweka miguuni pa askari. Watu wa Arusha waliokuwapo walishtuka, kwa maana morani hamwachii mtu silaha yake. "Hiyo ikae kwako. Mzigo wangu ule pale. Kesho nitarudi niuchukue. Lakini huyu namfikisha kwenye nyasi."

Alipokuwa anamfunga Saruni mgongoni kwa shuka, alisikia anaitwa. Efraimu alikuwa ameegemea mwamba karibu na sufuria zake, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sironka, nishushe na mimi. Niongoze tu, nitatembea. Kichwa kinanipasuka."

Sironka alimtazama. Lazima tukubali kwamba alimtazama vizuri. Aliona midomo, aliona macho mekundu, alisikia kifua kikikoroma kama maji ndani ya kibuyu. Akamwuliza swali ambalo kwake lilikuwa la maana kuliko yote.

"Nani amekulaani?"

Efraimu alijaribu kucheka, kicheko kikawa kikohozi. "Mimi? Nani anilaani mimi? Hata mbwa wa misheni wananipenda."

"Huna ugomvi na mtu?"

"Sina na mtu yeyote."

"Basi wewe umechoka tu," Sironka alimwambia kwa upole, akiamini kila neno. "Pumzika. Haya yetu ni ya maneno."

"Haya," Efraimu alisema. "Nitalinda sufuria."

Sironka akashuka. Mwanzoni Saruni alikuwa mzito kama gunia lililolowa, kichwa kikigongagonga bega lake. Majivu yalikuwa yanaporomoka chini ya miguu, na mara mbili nusura waanguke wote. Sironka hakusimama. Macho yake yalikuwa kwenye ule mstari wa kijani tu, na alizungumza nao kana kwamba ni mtu anayeweza kuondoka kabla hajafika. Njiani Saruni alianza kugumia. Baadaye mikono yake iliyokuwa inaning'inia ikamshika Sironka shingoni. Baadaye tena akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Punguza mwendo, we. Unanitikisa kama maziwa ya siagi."

Sironka hakuyatilia maanani hayo. Alikuwa anawahi.

Walipofika kwenye fungu la kwanza la nyasi alimlaza chini, akang'oa kwa mikono yote miwili, akatemea mate, akamnyooshea.

"Pokea."

Saruni alizipokea. Alikuwa anamtambua sasa. Alimtazama yule mtu mkubwa anayelia mbele yake kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi.

"Yamekufa?" Sironka aliuliza.

"Yamekufa."

Waliendelea kushuka mpaka kwenye miti ya kwanza, wakawasha moto. Saruni alikunywa maji, akalala kidogo, akaamka akaomba chakula. Sironka hakuweza kuacha kumtazama. Alipigwa na butwaa. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba nyasi zina nguvu, lakini hakuwahi kufikiri kwamba zinaweza kumrudisha mtu aliyekwisha kuanza kuzungumza na wafu.

"Na ile asali," Saruni alisema huku anatafuna, "utanilambisha kidogo?"

"Ukome."

Asubuhi Saruni aliweza kusimama na kukojoa bila kushikwa. Sironka alimwagiza amngoje hapo, akaanza kupanda kurudi kuchukua mzigo na simi yake. Alipofika ukingo wa nyasi aling'oa kishungi kikubwa, akakifunga kwenye mkanda wake. Alifikiri kwamba kule juu kila mtu anaumwa kichwa, na watu wanaoumwa kichwa hugombana. Akikuta wawili wamekosana, atakuwa na dawa tayari. Alipanda akiwa na furaha, na tusimlaumu kwa furaha hiyo. Alikuwa ameokoa mtu.

Kambini palikuwa kimya. Mzungu, askari na wengine walikuwa wameondoka gizani kwenda kileleni. Mmeru mmoja tu alikuwa amebaki, ameketi kwenye jiwe, amezipa mgongo sufuria. Efraimu alikuwa amelala kando ya sufuria, amefunikwa blanketi mpaka kichwani.

"Efraimu!" Sironka aliita kwa mbali. "Mlinzi! Watu wataiba sufuria umelala!"

Yule Mmeru aligeuka.

Sironka alikwenda akafunua blanketi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Povu lenye wekundu lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo. Macho yalikuwa wazi nusu, na Sironka, ambaye alikuwa amekwisha kuona wafu wa njaa na wafu wa ndui, alirudi nyuma akaanguka kwa makalio kwenye mawe.

"Lini?"

"Jua likitoka." Yule Mmeru alizungumza kama mtu anayejibu shitaka. "Alianza kutembea kama mlevi. Akaniita kwa jina la kaka yake. Tukamwambia alale apumzike. Bwana alisema apumzike."

"Aligombana na nani?"

"Nani, Efraimu?"

"Aligombana na nani baada ya sisi kuondoka?"

"Hakugombana na mtu."

"Kuna mtu alimwambia neno. Kumbuka! Askari? Mzungu? Lazima kuna aliyemwambia neno!"

"Nakwambia hakuna!" yule Mmeru alipiga kelele, na kelele hiyo ikammalizia pumzi, akakohoa. "Wewe ndiye wa mwisho kuzungumza naye."

Sironka alikaa palepale. Alitazama nyasi zilizoning'inia kwenye mkanda wake. Kisha, bila kujua kwa nini, akatazama chini, kwenye njia aliyopita jana. Mstari wa kijani ulionekana wazi, karibu kuliko alivyouona jana. Na ndipo alipokumbuka. Saruni alimshika shingo wakiwa bado kwenye majivu. Aliposema *unanitikisa kama maziwa ya siagi*, miguu ya Sironka ilikuwa bado inakanyaga mawe. Nyasi zilikuwa bado ziko mbele. Hakuna aliyekuwa amezing'oa. Hakuna aliyekuwa amepokea chochote.

Hazikuwa nyasi. Ilikuwa ni kushuka.

Wakati Mzungu aliporudi, uso umeungua na jua na macho yamejaa kilele chake, alimkuta Sironka bado ameketi hapo. Alivua kofia yake mbele ya maiti. Akasema labda mtu huyo alikuwa na moyo mbovu tangu zamani, na kwamba wamrundikie mawe hapohapo kwa sababu mizigo ni mingi. Askari akatafsiri. Sironka aliinuka, akainama, akamwinua Efraimu mgongoni.

Hapo hata Waarusha wenzake walipiga ukelele. Katika siku zile morani hakugusa maiti. Aliyegusa alijitia uchafu ambao uliwaogopesha hata ndugu zake. Askari mwenyewe alimpisha njia. Sironka alishuka na Efraimu kwa njia ileile, juu ya alama za nyayo zake mwenyewe za jana, na njia nzima mikono iliyolegea ilimgonga kifuani. Alipofika kwenye nyasi alisimama kidogo. Nasikitika kuandika kwamba alikuwa anangoja. Aliwaambia watu baadaye kwamba alingoja ile mikono imshike shingo.

Walimzika mahali udongo unapoanza, na yule Mmeru mwenzake akaomba sala.

Maisha ya Sironka baada ya hapo yalikuwa marefu na ya kawaida. Alichinjiwa kondoo wa kutakaswa. Wazee wa kina Naeku walisitasita muda mrefu kumpa binti yao mtu aliyebeba maiti, lakini Naeku mwenyewe hakusita, na asali ikapelekwa. Alilima, akafuga, akapanda kahawa kidogo wakati watu walipoanza kupanda. Katika vita alikamatwa tena kuwa mpagazi, na waliorudi walisimulia kwamba kwenye nchi za juu alikuwa akitembea nyuma ya wote, na akimwona mtu anayumba, humkamata mkono na kumvuta kuelekea chini kabla hata ya kumsalimu. "Shuka kwanza," alisema, "utaniambia baadaye." Wengine walimwona hana adabu. Saruni naye alizeeka akisimulia kila kwenye kikao jinsi nyasi zilivyomtoa mikononi mwa mauti, na alisimulia vizuri sana. Sironka hakuwahi kuisikiliza simulizi hiyo mpaka mwisho. Aliinuka akatoka nje.

Lakini kabla ya hayo yote, hata kabla ya kondoo wa kutakaswa, alikwenda Nkoaranga.

Mama yake Efraimu, ambaye naye alibatizwa na kuitwa Elizabeth, alikuwa amekwisha kuletewa habari na wale Wameru wa msafara. Sironka alimkuta jikoni, anatia ndizi kwenye chungu kwa ajili ya watu waliokuja kumlilia mwanawe. Aliinamisha kichwa mlangoni, kama kijana anavyomwinamia mkubwa ili aguswe utosini. Mama hakumgusa. Aliweka chungu motoni, akasogeza kuni, ndipo akamtazama. Sironka alikuwa ameshika kile kishungi cha nyasi, kimeanza kunyauka.

"Wewe ndiye uliyembeba?"

"Ndiyo, mama."

"Na hizo ni za nini? Kwetu anayeomba msamaha huleta jani la sale."

"Sikujua, mama."

"Umezitoa wapi?"

"Kule mlimani. Zinapoanzia, chini ya pale alipofia." Alizigeuza nyasi mkononi. "Aliniomba nimshushe. Nilikuwa namshusha mwenzangu, akaniomba na yeye. Nikamwambia apumzike."

"Kwa nini?"

"Hakuwa amelaaniwa na mtu."

Mama alilitafakari jibu hilo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kitu kizito gizani, hajui akishike wapi.

"Hakulaaniwa na mtu," alirudia. "Na hapo kwenye nyasi, ni mbali na alipolala?"

Sironka angeweza kusema ni mbali. Mama yule hangepanda kamwe kuona.

"Si mbali. Ni kama muda wa hizo ndizi kuiva."

Elizabeth alikitazama chungu. Maji yalikuwa bado hayajaanza hata kutoa mvuke. Alivuta kigoda akaketi upande mmoja wa moto, naye Sironka, ambaye hakuambiwa aondoke wala abaki, akachuchumaa upande wa pili na nyasi zake mkononi. Walikitazama chungu, wote wawili, tangu kilipoanza kuunguruma, kikafoka, kikatulia, mpaka ndizi zikaiva.